Mwizi wa Hodi

Wiki iliyopita mliniacha gereji, uvunguni mwa gari langu, spana mkononi, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Mwizi wa Hodi amekamatwa.

Wewe unayeanza leo nikupe kwa ufupi, maana si habari ya kujivunia. Nina gari bovu lenye vipaza sauti viwili juu. Natangaza misiba, magodoro, mbuzi waliopotea na dawa ya kunguni. Watu wananiita Spika. Wenye utani wananiita Spika wa bunge la barabarani.

Kibali changu cha kutangaza kilikwisha, na ofisini wakanizungusha: njoo kesho, njoo keshokutwa. Nilikuwa sina pa kushika. Ndipo Diwani aliponiita. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na kila alipopita watu walimuuliza swali moja tu: paa la zahanati liko wapi? Mwaka wa nne huo zahanati ina kuta, paa haina. Kuku walikuwa wanataga kwenye chumba cha sindano.

"Spika," akaniambia, "watu hawa wana nafasi kubwa mno ya kuuliza maswali. Watahadharishe kidogo. Habari za wezi wezi hivi."

"Wezi gani, Mheshimiwa?"

"Mwenye mdomo si wewe?"

Nikaenda nyumbani nikamtunga mwizi wangu. Nilimtunga nikiwa naoga, kama mtu anavyotunga wimbo. Nilijua mtu haogopi wezi kwa jumla, anaogopa mwizi mmoja mwenye tabia zake. Kwa hiyo nikasema huyu haji usiku. Anakuja mchana kweupe, mnadhifu, ana sauti ya upole, na anapiga hodi mara tatu. Ukimwitikia karibu, umekwisha.

Kibali nilikipata siku ya pili yake.

Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ukaacha kuitikia hodi. Ulikuwa ukibisha unaona pazia linatikisika, basi, kimya. Shangazi akija kusalimia anapiga simu kwanza akiwa amesimama hapo hapo mlangoni. Fundi wa mageti akakosa hata muda wa kula. Na Diwani alipoitisha mkutano, hakuna aliyetaja paa. Wote walitaka walinzi.

Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka. Utamkamataje mtu niliyemtunga bafuni?

"Unacheka nini?" fundi baiskeli aliyeniletea habari akaniuliza. "Mtu kampiga Mwalimu. Mwalimu kapelekwa hospitali, hajitambui."

Kicheko kikanikauka.

Mwalimu ni jirani yetu, mlango kwa mlango. Alistaafu zamani, anaishi peke yake na redio yake. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Mke wangu anamwita mama, na wanangu wanakula kwake kuliko kwangu.

"Kampigia wapi?"

"Kichochoroni kwenu, saa tatu hii ya asubuhi. Jamaa kakutwa kamshika, mikono yote damu. Na kwenye baiskeli yake ana visu, Spika. Si kimoja. Fungu zima."

Nilitoka uvunguni. Sikunawa hata mikono.

Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa ni vyumba viwili na stoo. Nje palijaa watu hadi barabarani. Waliponiona wakaanza kunipisha.

"Spika huyo, mpisheni. Ndiye aliyetuambia tangu mwanzo."

Watu wakanipa mikono. Muuza mkaa, mama mmoja mkali ambaye kwa kawaida hanisalimii, alinishika bega akasema, "Bila wewe, mwanangu, tungekuwa tumeshazikwa." Nilisema asante. Mungu anisamehe, nilisema asante, nikapita.

Stoo ina dirisha dogo la nondo upande wa nyuma. Nikachungulia.

Alikuwa mnoa visu.

Hakuna asiyemjua. Mwaka wa kumi na moja huu anapita mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea nyuma. Anaisimamisha, anapanda, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka. Kwangu huja kila mwisho wa mwezi, mke wangu humpa visu na mkasi. Ni mtu mpole, shati lake huchomekea. Na kwa sababu ana sauti ndogo, haridhiki kubisha mara moja. Hupiga hodi mara tatu.

Nikashika nondo. Ile hodi ya mara tatu niliyodhani nimeitunga, kumbe nilikuwa nimeiokota kwake. Sauti ya upole ilikuwa yake, na unadhifu ule pia. Nilikuwa nimemchora mtu ninayemjua kisha nikamtembeza mtaani wiki tano na vipaza sauti viwili, nisijue.

Mdomo wake ulikuwa umevimba. Jicho moja limefunga.

"Kaka Spika," akasema. "Afadhali umekuja."

"Imekuwaje?"

"Nilimkuta mama wa watu ameanguka, kati ya kwako na kwake. Kichwa kinatoka damu. Ningemruka?"

"Hukumgusa kabla?"

"Kaka."

Nikaona aibu kwa kuuliza.

"Nilipiga kelele watu waje," akaendelea. "Nikabisha milango minne. Nilianza na wako. Hodi, hodi, jamani kuna mtu anakufa huku. Hakuna aliyefungua. Basi nikambeba mwenyewe hadi barabarani. Hapo ndipo wakafungua wote kwa pamoja, wametoka na marungu."

"Kwangu hawakufungua?"

"Kimya."

"Mke wangu atakuwa alitoka kidogo," nikasema.

"Itakuwa. Angekuwepo angefungua. Mimi na yeye si tunajuana?" Akafuta mdomo kwa kola ya shati. "Kaka, wiki hizi sijui mtaa umeingiwa na nini. Siku nzima nazunguka napata kisu kimoja. Wewe watu wanakusikiliza. Nisemee. Waambie tu mimi ni nani."

Hakujua. Alidhani mimi nasoma tu ninachoandikiwa, kama habari za magodoro.

"Nitakusemea," nikamwambia, nikaondoka haraka kabla hajaniona usoni.

Diwani alikuwa ameshafika. Gari lake lilikuwa limebandikwa picha yake mpya, anatabasamu kama mtu aliyeezeka zahanati tatu. Akanivuta hadi nyuma ya tangi la maji.

"Mkutano saa kumi," akasema. "Zunguka sasa hivi. Tangaza: Diwani wenu aliahidi usalama, Diwani wenu ametimiza. Rudia rudia hapo kwenye ametimiza."

"Mheshimiwa, yule ni mnoa visu."

"Kila mwizi ana kazi nyingine ya kujifichia."

"Hakuna mwizi, Mheshimiwa. Wewe unajua na mimi najua."

"Mimi najua nini?"

Nilimtazama.

"Mimi nilikuomba uwatahadharishe wananchi," akasema. "Hodi mara tatu, sauti ya upole, hayo nilikwambia mimi? Nilijua una habari zako za mitaani."

"Nilitunga."

"Usinifanye mtoto, Spika. Nyumbani kwangu nimeweka walinzi wawili na mbwa. Mke wangu halali. Unadhani naweka walinzi kwa ajili ya hadithi?"

Nilitafuta usoni kwake nione kama ananitania. Wapi. Mtu alikuwa ameagiza uongo, akaletewa, akaula mwenyewe akashiba. Alikuwa anaogopa kwa dhati.

"Mwalimu kapelekwa wapi?" nikamuuliza.

"Hospitali kubwa."

"Mwendo wa saa mbili huo. Zahanati ingekuwa na paa angekuwa hapa, dakika tano."

"Usichanganye mambo," akasema, na akanigeuzia mgongo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye tangi. Nilijua cha kufanya. Nilijua pia kwamba kibali kitakwenda, na pengine na mimi nitakwenda nacho, ndani ya stoo ile ile. Nikarudi nikalileta gari hadi mbele ya ofisi, nikawasha kipaza sauti. Swichi ikanishinda mara mbili.

"Ndugu wananchi," nikasema. "Hapa ni Spika. Mwizi wa Hodi hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi mwenyewe ili nipate kibali. Aliyeko stoo ni mnoa visu wenu, hana kosa. Nawaomba radhi."

Vipaza sauti vyangu vinasikika mitaa mitatu. Nikangoja mawe.

Muuza mkaa ndiye aliyeanza. "Kama hayupo, Alhamisi ile nani alinibishia?"

"Labda mteja, mama. Alitaka mkaa."

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa.

"Mimi sijui hodi ya mteja?" muuza mkaa akafoka. "Miaka ishirini nauza mkaa, sijui hodi ya mteja?"

Fundi wa mageti akasogea mbele, bado miwani yake ya kuchomelea iko kwenye paji la uso. "Spika, mimi nimefunga nondo madirisha ya mtaa huu wote. Unataka kusema mtaa mzima ni wajinga?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?"

"Lisemwalo lipo," mzee mmoja akatia neno, "na kama halipo, laja." Watu wakaitikia kwa vichwa.

Mmoja akasema alimwona kwa macho yake akiruka ukuta. Mwingine akasema shemeji yake alimwona, ana kovu. Mimi sijawahi kumpa kovu. Ndani ya dakika chache nikawa nimesimama mbele ya watu saba waliomwona, kila mmoja na lake, na bado wanakubaliana.

Kisha fundi baiskeli akapata jibu. "Jamani, hamuoni? Wamemtisha. Genge lake limemtisha Spika wa watu."

Basi hapo. Kila uso ukalainika. Muuza mkaa akanisogelea, macho yamemjaa machozi, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Usiogope. Tutakulinda."

Nilitaka kupiga yowe. Wiki tano niliongea uongo wakaniamini neno kwa neno. Siku niliyosema kweli wakanipa pole.

Mwenyekiti wa mtaa alitoka ofisini na daftari lake kubwa. Ni mzee wa taratibu, hapendi makelele, na hata Diwani humwogopa kidogo kwa sababu huandika kila kitu.

"Tusibishane," akasema. "Polisi wako njiani. Watataka shahidi wa saa tatu asubuhi, si wa Alhamisi, wala si wa shemeji. Nyumba iliyo karibu na alipoangukia Mwalimu ni ya nani?"

"Ya Spika."

"Nani alikuwepo?"

"Mke wake."

"Aitwe. Atakachosema yeye ndicho nitakachoandika."

Nikashusha pumzi. Mungu si Athumani. Mke wangu anamjua mnoa visu kuliko mtu yeyote pale. Anajua hata jina la mkewe. Neno lake moja lingetosha: huyu ni mtu wetu, huja kila mwezi, namkaribisha. Mnoa visu alipotolewa stoo na kusikia nani anaitwa, hata yeye alijaribu kutabasamu na ule mdomo.

Mke wangu alikuja amejifunga mtandio hadi kwenye nyusi. Hakunitazama.

"Mama, waambie," mnoa visu akasema.

Hakumtazama hata yeye.

"Ulikuwepo saa tatu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

"Nilikuwa dirishani. Nikamwona huyu. Alimsukuma Mwalimu. Mwalimu akaanguka."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kelele zilizopigwa sijapata kuzisikia hata kwenye mpira. Mnoa visu alikuwa ananitazama mimi, wala si mke wangu, kama mtu anayengoja nimalizie sentensi.

Nilimshika mke wangu mkono nikamwingiza ndani ya gari, nikapandisha vioo. Watu wakatuacha. Walidhani namfariji.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Nimeshasema."

"Mama watoto, miaka kumi na minne naishi na wewe. Ukisema kweli unaongea nusu saa. Ukidanganya ndiyo unasema kwa mkato hivyo."

Alianza kulia bila sauti.

"Alibisha kwetu," akasema.

"Mnoa visu? Ameniambia."

"Mwalimu."

Sikuelewa. Au nilielewa na sikutaka.

"Alikuja kwanza yeye," mke wangu akasema. "Akapiga hodi, sauti ya chini kabisa. Akapiga tena. Nadhani ni ile sukari yake, kizunguzungu kilimshika. Mara ya tatu akaniita. Mwanangu, nifungulie, naanguka."

"Ukamtambua."

"Nilimtambua. Sauti ya Mwalimu siijui?"

"Sasa kwa nini hukufungua?"

Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza siku ile. "Si ulisema anaiga sauti za majirani?"

Nilisema. Hilo sikuwaandikia wiki zote hizi, maana nilitumaini halitakuwa na haja. Ilikuwa Jumamosi moja. Watu walikuwa wameanza kutaniana kwa zile hodi, watoto wanachezea, na sokoni mtu mmoja alikuwa ameuliza tena habari za paa. Nikaona hadithi inapoa. Nikiwa nangoja lori lipite nikaongeza: ndugu wananchi, tumepata habari kwamba huiga sauti za watu mnaowajua. Lori likapita, nikaendelea na magodoro. Sikuifikiria tena.

"Nilisimama nyuma ya mlango na mchi mkononi," akasema. "Nikasikia kishindo kwenye ngazi za kichochoroni. Sikufungua. Akaja mnoa visu, akabisha, akapiga kelele mtu anakufa. Nilimwona dirishani anavyomwinua, kama mtu anamwinua mama yake. Na bado sikufungua."

"Basi tushuke ukawaambie hivyo hivyo."

"Niwaambie nini? Kwamba Mwalimu alianguka kwenye ngazi zangu ananiita mwanangu, na mimi nasikia? Watoto waende shule na hilo?"

"Yule mtu atafungwa."

"Mtu gani? Wewe ndiye uliyemleta mtaani, si mimi. Mimi nilikuwa nakusikiliza tu, kama wenzangu. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nawaambia watu, mume wangu anatusaidia." Akajifuta uso kwa mtandio. "Kama mwizi yupo, mimi ni mama aliyelinda watoto wake. Kama hayupo, mimi ni nani? Niambie, baba watoto. Umesema kwenye spika hayupo. Mimi ni nani?"

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile, na hadi naandika hapa jibu lake sijalipata.

"Mwalimu akiamka atasema mwenyewe," nikajaribu.

"Na asipoamka?"

Mtu alikuwa anagonga kioo kwa kalamu. Mwenyekiti. Nyuma yake gari la polisi lilikuwa limesimama, milango yote wazi, na mnoa visu alikuwa anafungwa pingu, mikono mbele. Diwani alikuwa pembeni anapigwa picha.

Nikashusha kioo.

"Spika, shuka," mwenyekiti akasema, sauti ya taratibu, kama kawaida yake. "Afande anataka maelezo. Wewe mbele ya watu wote umesema mwizi umemtunga. Mkeo mbele ya watu wote kasema kamwona kwa macho. Mmoja wenu amedanganya, na sasa anakwenda kudanganya mbele ya polisi, ambako ni kifungo." Akafungua daftari juu ya boneti la gari langu, akatafuta ukurasa mweupe. "Nimwandike nani?"

Mke wangu alinishika mkono chini, pale wasipoona. Nikafungua mlango nikashuka, na nilikuwa bado sijui nitasema nini.